Tumbo la Mwanvita

Mikidadi alikoroga dawa kwa mkono mpaka kiwikoni, kama alivyozoea kwa miaka kumi na minane ya kupiga dawa mashamba ya nyanya ya watu huko Mlali. Zamani bwana shamba alikuwa akipita na kukemea. Tangu serikali ipunguze wafanyakazi hakuonekana tena, na dukani waliiuza dawa hiyo kwenye chupa za soda, bila hata karatasi ya maelezo. Nayo iliitwa dawa. Nani aogope dawa?

Saa nne aliomba ruhusa, akaenda hospitali mjini kuchukua majibu ya vipimo vya uzazi. Dada yake, Mwaisha, ndiye aliyemshikilia apimwe kabla ya kuoa tena. Mkewe, Mwanvita, alikuwa ameharibikiwa mimba nne, na Mikidadi akampa talaka moja. Barazani alisema kwa kinywa chake kwamba mwanamke yule ana tumbo bovu.

Daktari Winfrida hakumzungusha. Alimwuliza umri, Mikidadi akasema hamsini na sita. Akamwuliza na kazi. Kisha akamweleza kwamba mbegu ya mwanamume nayo huzeeka, na sumu huiachia alama, hata mimba ikitunga huenda isikae. Hakuweza kuapa kwamba zote nne zilitoka kwa sababu hiyo.

“Lakini mkeo tulimpima mara mbili, mzee. Ni mzima.”

“Mbona hakuniambia?”

“Alisema alikwambia.”

Ni kweli, alimwambia, na Mikidadi alicheka. Majuto ni mjukuu; yeye asiye na mtoto alikuwa amempata huyo.

Eda ilibakiza siku mbili. Alipanda mlima bila kula hadi kwa mjomba wa Mwanvita, akamkuta Mwanvita anachambua maharage. Maadamu eda haijaisha, sheria ya dini ilimruhusu kumrejea bila kumwuliza, ila aliona haya, akamwomba. Alimweleza yote.

Mwanvita alimsikiliza mpaka mwisho.

“Hayo mimi nayajua,” alisema. “Kawaeleze wale uliowaambia. Ukishawaeleza, njoo.”

Jioni alifika barazani. Wenzake walimsogezea kikombe cha kahawa, wakamwuliza habari za mlimani. Alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini.

“Hajarudi,” alisema.

Wakampa pole. Mmoja wao, Stambuli, akasema ana mpwa wake, binti mzima wa afya, kama anataka amposee. Mikidadi alijichukia kuliko siku zote za maisha yake, lakini mdomo haukufunguka, nao wakauchukua ukimya wake kuwa ni ridhaa.