Wakhungu Hakukataa Jina

Nekesa alikuwa na sauti ndogo tangu utoto. Kanisani midomo yake ilicheza tu, na pale Kiminini alipouza nyanya, wateja walimwinamia ndipo wamsikie. Mama mkwe wake, Nabwile, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, alizoea kusema: "Huyu mke wa Makokha, nyumba ikishika moto, majirani watajua wakiona majivu."

Kwa hiyo mwanawe Wakhungu alipofika miaka minne na bado haitiki akiitwa, lawama ilijua nyumba ya kwenda. Ati mtoto ataitikaje na mama mwenyewe ni bubu?

Mtoto hakuwa kiziwi. Ukifungua peremende chumba cha pili, alifika. Lakini ukimwita jina, ni kama umeuita ukuta. Hakumtazama mtu machoni. Alipanga magunzi ya mahindi kwa mstari kutoka mlangoni hadi mekoni, na ole wake aliyesogeza moja. Kelele zilimfanya azibe masikio na kulia mpaka atapike. Nekesa na Makokha waliacha harusi, wakaacha matanga. Hata kanisani walikwenda kwa zamu, mmoja akisali, mwingine akibaki na mtoto.

Mwaka wa 2007 walimpeleka Kitale kwa Mwalimu Everlyne Chesang, aliyefundisha watoto wenye mahitaji maalum. Mwalimu alivua viatu, akaketi sakafuni na Wakhungu asubuhi nzima. Kisha akawaambia, "Mtoto wenu ana usonji. Hakurogwa, na wewe mama hukukosea kitu. Amezaliwa akiipokea dunia kwa njia yake. Kelele ambayo wewe unaipuuza, yeye inamchapa."

Akamfundisha Nekesa namna ya kumwita. Usimwite kutoka mbali. Nenda, chuchumaa kando yake, usimkabili. Taja jina mara moja kwa sauti ya chini, halafu subiri.

"Sauti ya chini?" Nekesa aliuliza.

"Kama hiyo yako," Mwalimu akacheka. "Sisi wengine tunajifunza. Wewe umezaliwa nayo."

Siku hiyo Nekesa alirudi Kiminini amenyoosha shingo. Alichuchumaa msimu mzima, akataja, akasubiri. Jioni moja, wakati mahindi yanapukuchuliwa, Wakhungu alisikia jina lake. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma na kumpa mama yake gunzi. Hiyo ndiyo ilikuwa "naam" yake, na Nekesa alilifunga lile gunzi kwenye leso kama mtu aliyepewa zawadi shuleni.

Lakini Nabwile, kule Sirisia, hakutaka kusikia habari za usonji. Jina la Wakhungu lilikuwa la marehemu mume wake, na kuona mtoto haliitikii kulimchoma moyo. "Mtoto amekataa jina," alisema kwenye simu. "Mleteni tumtafutie lingine."

Ndivyo wafanyavyo Wabukusu wengi. Mtoto akilia bila kukoma, huenda amepewa jina la mtu asiyemtaka. Basi wazee huyaita majina ya waliotangulia, na pale mtoto anaponyamaza, hapo ndipo jina lake lilipo. Makokha hakuweza kumkatalia mama yake. Desemba wakasafiri.

Ua wa Nabwile ulipakana na kisiagi cha soko, na Desemba, watu wakiwa wamevuna, mashine ile ya kusaga unga haipoi. Wakhungu alianza kulia langoni.

"Mnaona?" Nabwile akasema. "Kilio chenyewe kinaomba jina."

Wanjala, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama mbele ya mtoto, aliyekuwa ameketi kwenye magunzi yaliyotapakaa uani. "Khaemba! Ni wewe?" Kilio. "Munialo!" Kilio. Mashangazi wakasaidia kuita, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake kwa sauti, na Wakhungu akajikunja, mikono masikioni, huku akigonga kichwa magotini.

"Wabwile!"

Kimya. Mtoto alitoa mikono masikioni.

Watu wakashika vinywa. Wabwile alikuwa ndugu yao Wanjala na marehemu, mtu aliyeongea peke yake, hadi siku moja akatembea kuelekea msitu wa Mlima Elgon, asionekane tena.

"Kumbe ndiye," Wanjala alisema. "Basi huyu hawezi kukaa Kiminini kando ya lami. Atatembea apotee tena. Abaki hapa na kukhu, nyanya yake, tufunge lango, tumlinde."

"Abaki," Nabwile alisema, akijifuta machozi.

Makokha alitazama viatu vyake.

Nekesa alikuwa amesikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Jina lile lilipotajwa, kisiagi kilikuwa kimezimwa. Watu wa ua ule walikuwa wameuzoea mngurumo miaka mingi, na ulipokatika hawakujua.

"Si jina," alisema.

"Ati nani ameongea?" shangazi mmoja akacheka. "Mke wa Makokha? Ongeza bana, hatusikii!"

Hakuongeza. "Nyamazeni, mtanisikia."

Wakanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa heshima.

"Ni kisiagi. Kimezimwa. Subirini kiwashwe, muone kama huyo Wabwile atakaa."

Mashine ilikohoa, ikanguruma, na Wakhungu akaziba masikio, akalia kilio kile kile.

"Wabwile!" Wanjala akaita. "Wabwile!" Kilio.

"Haki, ni mashine," shangazi akasema polepole.

Nabwile aliinuka, akaenda kwenye ukuta wa upande wa kisiagi, akamwita msagaji. "Kiplimo! Zima hiyo kitu!"

"Mama, watu wako kwa laini!"

"Zima nimesema! Watakula ugali kesho!"

Kisiagi kikazimika. Nekesa akaenda kando ya mwanawe aliyekuwa amejikunja kati ya magunzi, akachuchumaa, akasema mara moja, "Wakhungu." Kisha akasubiri.

Wanjala alifungua mdomo. Nabwile akamwinulia kidole.

Walisubiri mpaka kuku wakarudi kudonoa miguuni mwao. Halafu mtoto, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma. Kiganjani palikuwa na gunzi.

"Ameitika," Nekesa alisema. "Huyu ana usonji, baba. Jina la babu yake analijua na analipenda. Kelele ndiyo hawezi. Tutarudi naye nyumbani."

"Tutarudi naye," Makokha akasema, na safari hii alimtazama Wanjala usoni.

Nabwile akaja, magoti yakialika, akachuchumaa upande wa pili. "Wakhungu!"

Mtoto akainua mabega kama aliyerushiwa jiwe.

"Chini zaidi, Mama," Nekesa akasema.

Hakuna mtu Sirisia aliyewahi kumwambia Nabwile maneno hayo. Nabwile akalitaja tena jina la mumewe, pumzi tupu. Kusubiri kulimtesa kuliko kunong'ona. Gunzi lilipomfikia, alilipokea kwa mikono miwili.

Jioni, walipokuwa wakitoka, jirani alichungulia juu ya ua. "Mama Makokha! Mmepata jina gani?"

"Wakh—" Nabwile aliguta, akajiziba mdomo, akamtazama mjukuu. Akamwendea jirani mpaka karibu kabisa na sikio lake.

"Wakhungu," akanong'ona. "Lile lile. Na anaitika."