Ndiva ya Saada

Mwalimu Hezroni alikuwa na filimbi, na mtu akishapewa filimbi, ndugu yangu, hata mbuzi atawapanga mistari. Kijiji cha ujamaa pale Maore kilikuwa hakijatimiza mwaka, kuta bado zanuka udongo mbichi, lakini watoto wa kuanza darasa la kwanza tayari walikuwa wanapimwa kwa mchezo: filimbi moja, kimbia; mbili, simama; tatu, shikaneni mduara. Saada, binti wa Lukia, filimbi zote alisimama pale pale kama kigingi.

"Mama Saada, huyu akili yake bado," mwalimu alisema. "Kama mchezo tu umemshinda, hesabu ataziweza? Kesho kutwa nampima mara ya mwisho. Akishindwa, abaki nyumbani."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lukia hakula siku ile. Mawifi walishaanza maneno yao, eti mtoto aliharibika tangu waliposhushwa kutoka milimani Bombo, na yeye mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa ameanza kuwaamini. Akamfundisha uani kwa kupiga mluzi. Mtoto alimtazama tu kwa huruma.

Siku yenyewe ikafika, Saada haonekani. Lukia akazunguka kijiji kizima, mwalimu nyuma yake amenuna, mpaka wakamkuta nyuma ya ghala pamoja na kundi la wenzake, matope hadi magotini. Walikuwa wamejenga ndiva, bwawa kama yale ya kwao milimani, ambamo maji ya mfereji hukingwa kisha wakulima wakafunguliana kwa zamu. Hakuna mtu mzima aliyewatuma.

"Omari, zamu yako imekwisha, ziba," Saada alikuwa akisema, sauti kavu kabisa. "Kurwa, fungua. Wewe Chande hukuja kwenye msaragambo, siku tuliyojenga wote pamoja. Lete jiwe la faini ndipo upate maji."

Chande hakulia. Alileta jiwe, akaingizwa kwenye zamu.

Lukia alitaka kwenda kumkamata mtoto mkono, mwalimu akamzuia. Akasogea mwenyewe aone vizuri, na kiatu chake kikabomoa tuta.

"Mwalimu, umekanyaga shamba la Kurwa," Saada alisema. "Lete jiwe."

Lukia alitamani ardhi immeze. Lakini mwalimu alikwenda, akarudi na jiwe.

"Dogo hilo."

Akaenda tena. Alipoleta la pili likakubaliwa, akachuchumaa mwisho wa mstari wa wanaongoja zamu, bila kujali suruali yake ya kazini.

Hapo Lukia akaketi chini na kitenge chake kizuri, akacheka huku machozi yanamtoka, mwili mzima umekuwa mwepesi. Mtoto wake alikuwa mzima.

"Mama Saada," mwalimu alisema, macho hayabanduki kwenye maji, "Jumatatu mlete shule."

"Na ule mchezo wa filimbi, mwalimu?"

"Tutauzungumzia. Ngoja kwanza, zamu yangu imefika."