Bima ya Upepo

Kila mtu aliyenipigia simu kutoka kampuni ya bima alianza kwa kunipa pole. Pole zao zingekuwa mbao, leo ningekuwa nimeshajenga ghorofa. Baada ya pole waliniuliza namba ya mkataba, nikawatajia. Waliniuliza jina, nikasema Elmina Naquin, herufi moja moja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kuliandika sawasawa. Waliniuliza kimbunga kilinikuta wapi. Halafu waliniambia faili langu limehamishiwa kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine kesho yake alipiga simu akaanza kwa kunipa pole.

Wakati huo nilikuwa naishi kwenye nyumba ya magurudumu niliyoazimwa na serikali, imeegeshwa palepale kwenye kiwanja changu, ukingoni mwa bayu, mkono wa maji unaojikokota kuelekea baharini. Ukikaanga samaki mle ndani, unalala na samaki. Dirishani niliona kilichobaki cha nyumba yangu: ngazi ya saruji inayopanda kwenda hewani, na visiki vya nguzo. Nguzo zile alizizamisha marehemu mume wangu Clovis, yeye na mdogo wake Ovide, baada ya maji ya kimbunga cha zamani kutuharibia nyumba ya kwanza. Waliiinua nyumba ya pili juu kiasi kwamba chini yake tuliegesha gari na kukausha nyavu. Clovis alisema maji hayatatupata tena, na ninaamini hayakutupata. Kazi ilikuwa kumwaminisha mtu wa kampuni.

Maana huku kwetu upepo una bima yake na maji yana bima yake, na mwenye uwezo hukata zote mbili. Ya maji niliiacha mwaka aliokufa Clovis. Nilikuwa na mazishi ya kulipia, na nyumba ilikuwa juu. Nikabaki na ya upepo. Sasa akaja mtathmini wa kampuni, Bwana Hadley, na viatu ambavyo havijawahi kuonja matope. Akapiga picha visiki, akanywa kahawa yangu vikombe viwili, akasifu mandhari, akaenda zake kuandika kwamba nyumba ilibebwa na maji. Maji si yao. Wakanipa pole na sifuri.

Nilitafuta wakili mjini Houma, Bi Arceneaux, mwanamke mdogo kwa umri lakini hana papara. Alisoma karatasi zote mbele yangu, jambo ambalo kampuni haikuwahi kufanya, kisha akaniuliza nani alikuwepo.

"Nikipata mtu aliyeona upepo unaivunja kabla maji hayajapanda, mama, nyumba watailipa," alisema. "Nisipompata, ni neno lako na wewe hukuwepo."

Sikuwepo kweli. Tulikimbia wote, mtaa mzima, mpaka mbwa. Wote isipokuwa shemeji yangu Ovide.

Ovide hakimbii. Ana mashua ya kuvulia uduvi, na kwa uzee wa mashua ile hakuna kampuni duniani itakayoikatia bima, kwa hiyo bima yake ni yeye mwenyewe. Kimbunga kikija, anaipandisha bayu mpaka mbele ya kwetu, anatia nanga, anakaa humo na chupa ya kahawa na rozari mpaka kipite. Watu wanasema hana akili. Clovis naye alikuwa hivyohivyo mpaka nilipomwambia achague mashua au mke, na akafikiria kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Lakini kila nilipomuuliza Ovide aliona nini, alisema alikuwa chini kwenye injini, hakuona kitu. Nikauliza tena, akasema palikuwa na giza. Kimbunga kile kilipiga mchana.

Na bado kila wiki alikuja. Aliniletea ndoo ya kaa, akanifungia bomba linalovuja, akafyeka majani, akaondoka. Nikimkaribisha chakula anasema ameshakula. Shemeji huyu, tangu naolewa, hajawahi kunyanyuka mezani kwangu kabla sufuria haijageuzwa. Nikajua mtu anayeukimbia wali wangu ana jambo.

Binti yangu Noelie hakuona ugumu wowote. "Ba'mdogo aseme tu ulikuwa upepo, basi. Nani atambishia, samaki?"

Siku moja alasiri nikaegesha gari langu nyuma ya lake, asiweze kutoka.

"Leo huondoki, shemeji. Keti."

"Nina nyavu za kushona."

"Nyavu zako zimetoboka tangu naolewa. Keti."

Akaketi kwenye ngazi ile ya hewani, mimi nikakaa ngazi moja chini yake. Akavua kofia. Alichosema kwanza karibu kinifanye nimkumbatie: aliona paa linaondoka. Aliliona kwa macho yake, limeng'oka zima kama kifuniko cha sufuria, likavuka bayu, na wakati huo maji yalikuwa hayajafika hata kwenye daraja. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa naitafuta mwaka mzima, na alikuwa ameikalia yeye. Nilimuuliza ni roho gani mbaya iliyomfanya anione nahangaika na simu zile na yeye amenyamaza.

Akaniambia yaliyobaki. Baada ya paa kuondoka, nanga ziling'oka. Mashua ikaanza kwenda ubavu kuelekea kinamasi, na huko ikifika upepo unaipindua, hakuna wa kukuokota. Akarusha kamba yake nene, akaifunga kwenye nguzo za nyumba yangu. Mashua ikashika. Ukuta na sakafu vilikuwa bado vimesimama, akasema, nyumba ilikuwa haina paa lakini imesimama. Ikakaa hivyo, mashua inavuta, nguzo zinashikilia, yeye ndani anasali, mpaka upepo ulipogeuka. Nguzo ya kwanza ikalala, halafu zikafuatana. Nyumba ikaja chini, na mashua ikasukumwa polepole mpaka kwenye matope nyuma ya kanisa, salama. Maji yalikuja baadaye kuzoa mbao, na ndiyo Bwana Hadley aliyoyaona.

"Nilizisikia nguzo zinalia," alisema. "Kisu nilikuwa nacho mkononi."

"Mbona hukukata?"

"Niliogopa kufa, shemeji."

Nilimchukia. Sitaki kulipaka sukari hilo. Niliangalia mikono yake nikafikiria jiko langu, na kabati la mama yangu, na chumba ambacho Clovis alifia akitazama maji, nikaona mikono ile ndiyo iliyovivuta vyote chini. Halafu nikafikiria kama angekata, tungempata wapi, na katika hali gani. Nikakasirika zaidi, maana hasira yangu ilikosa hata mahali pa kukaa.

Sasa nikaelewa ukimya wake. Akisema aliona, wataulizia alionea wapi, na akisema alionea wapi, nyumba itakuwa imeangushwa na mashua, si na upepo. Akinyamaza, imebebwa na maji. Alikuwa amebeba hesabu hiyo peke yake mwaka mzima pamoja na ndoo za kaa.

"Nitasema nanga zilishika," akasema. "Wakiniuliza kamba, hapakuwa na kamba."

Ovide huyu akipima uduvi sokoni huongeza kiganja kimoja kwa kuogopa kuwa mizani imemdhulumu mnunuzi. Nikamuuliza kama ataapa. Akasema ataapa. Nilijua vizuri nilichokuwa nakubali. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu nao ni mshauri, tena ana sauti ya upole.

"Haya," nikasema.

Bi Arceneaux tulimwambia habari ya paa; ya kamba hatukumwambia.

Kikao cha kuchukua ushahidi kilikuwa ofisini kwa mawakili wa kampuni, chumba cha baridi ya mashine mpaka mifupa inauma. Wakili wao alikuwa mama wa umri wangu, sauti laini. Akaanza kwa kunipa pole. Bwana Hadley alikuwepo na viatu vyake, na karani wa kuchapa kila neno. Ovide alivaa koti alilovaa kwenye mazishi ya Clovis. Akainua mkono, akaapa.

Habari ya paa aliieleza vizuri. Lilivyonyanyuka upande wa kaskazini kwanza, lilivyogeuka, maji yalivyokuwa bado chini ya daraja. Hata Bwana Hadley aliacha kuandika akamsikiliza. Bi Arceneaux alinigusa goti chini ya meza. Nikaiona nyumba yangu, nikaiona na mapazia.

Kisha yule mama akauliza, bila kukaza sauti, upepo wa kung'oa paa zima uliiachaje mashua ya Bwana Naquin bila kuipindua.

"Nanga," akasema Ovide, na neno la pili halikuja.

Karani akasubiri na vidole hewani. Ovide hakumtazama yule mama, alinitazama mimi. Alikuwa na uso wa mtu aliye chini ya maji. Nikajua ataweza kuusema uongo ule, atausema kwa ajili yangu, na kwamba baada ya hapo hatakaa tena mezani kwangu, wala mahali pengine popote kwa raha. Clovis aliniachia nyumba, lakini aliniachia na huyu.

"Ovide," nikasema, "waambie na ile kamba."

Bi Arceneaux akanishika mkono wa nguo. Yule mama wa kampuni akaniangalia. Ovide akawaambia, yote, mpaka kisu, akajifuta uso kwa mkono wa koti la msibani na kuendelea. Hakuna aliyecheka wala kufurahi, hilo siwanyimi.

Nje, kwenye ukumbi, Noelie alikuwa anatusubiri. Aliposikia, alikaa kitako kwenye benchi.

"Mama, umeiuza nyumba kwa neno moja."

Nilimwambia najua, twende tukale. Sikujisikia mwema. Nilisikia njaa na miguu kuuma, na nililia kidogo kwenye maegesho, mkate uliojazwa uduvi mkononi.

Jibu lilichukua miezi. Kampuni ilikubali kwamba paa liliondolewa na upepo, kwa hiyo itanilipa paa. Ukuta, sakafu, nguzo na vyote vya ndani viliangushwa na chombo cha majini, na chombo cha majini hakimo kwenye mkataba. Pole ilikuwa juu ya barua na pole nyingine chini. Bi Arceneaux alisema tunaweza kupigania zaidi, labda miaka miwili. Nilimwambia miaka yangu iliyobaki nina matumizi nayo.

Tena hata pesa ya paa hawakutoa yote. Sehemu waliizuia mpaka nionyeshe risiti kwamba nimenunua paa kweli. Nilipiga simu kuwaeleza kwamba nyumba ya kuliweka hakuna. Kijana aliyepokea akasema anaelewa, akanipa pole, akasema bila risiti faili halifungwi. Basi nikanunua paa. Lori likaleta mabati mapya, mazuri, ya rangi ya kijani, yakapangwa kwenye majani pembeni ya ngazi ya hewani. Majirani walipita wakipunguza mwendo, na mmoja aliuliza kama siku hizi tunajenga kuanzia juu.

Ovide alikuja na ndoo yake ya kaa. Tangu kikao tulikuwa tunasalimiana tu. Akasimama mbele ya yale mabati muda mrefu.

"Shemeji, hili paa unaliweka wapi?"

"Juu ya nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Ile utakayoanza kuijenga kesho, na wanao na nguvu zao. Anza na nguzo."

Akaviangalia vile visiki.

"Nizizamishe kiasi gani?"

"Mpaka ziweze kushika mashua," nikasema.

Akaiweka ndoo chini, akavua buti zake mlangoni, akaniuliza kama kuna wali.