Nyota ya Ghorofa ya Nane

Mimi ni msichana wa kazi, na kazi yangu si kufikiri. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, tena kwa upole, na mwajiri wangu Mama Njambi. Kwa hivyo haya yachukue kama maneno ya Nasimiyu ambaye hakufikiri, alitazama tu.

Njambi ana miaka mitano na alipenda nyota, si utani. Giza likiingia tu, ananivuta sketi mpaka kwenye balkoni yetu hapa Kileleshwa, tunahesabu zile chache ambazo taa za majirani zimetuachia. Akifika kumi na moja anarudi mwanzo, kwa sababu kumi na mbili haikumpendeza. Mama yake alipogundua kwamba mtoto anapenda kitu, akaamua kitu hicho lazima kinunuliwe kitabu.

Jumamosi tukaenda mjini, duka la vitabu karibu na Msikiti wa Jamia. Mwenye duka, Zuhair, mtu wa Lamu mwenye subira, alitutandazia vitabu sita vya picha. Kimoja kilikuwa na mtoto kama Njambi, amelala kwenye mkeka anatazama juu, na Njambi akakikumbatia papo hapo. Mama Njambi akakifungua, akaona ni Kiswahili, akakirudisha kwa vidole viwili kama nepi iliyolowa. Yeye alitaka kile alichonunua rafiki yake Waithera wa Loresho: jalada gumu, theluji, dubu amevaa skafu, na Nyota ya Kaskazini ambayo, kitabu chenyewe kinasema, kila mtoto mwenye bidii huiona.

Zuhair akakohoa. "Mama, kitabu ni kizuri, lakini nyota hiyo kwetu haionekani. Nairobi iko chini ya Ikweta. Dunia yenyewe imeificha."

"Sisi tunakaa ghorofa ya nane," akajibu Mama Njambi.

Haki ya Mungu nilimwona yule bwana akimeza mate. Sikio la kufa halisikii dawa, na mwenye duka naye ana watoto wa kulisha. Akakifunga kitabu vizuri na kutushukuru.

Basi kila jioni saa moja mtoto akawa anasimamishwa kwenye stuli, uso kaskazini kuelekea barabara ya Waiyaki Way, atafute. Akaona mabango ya matangazo. Akaona ndege. Akaona nyota mbili tatu nzuri tu, akazionyesha kwa kidole, akaambiwa hizo sizo, mtoto wa Waithera aliiona siku ya kwanza. Aliiona wapi, mimi sijui. Nikafungua mdomo wangu huu, nikamkumbusha Mama Njambi maneno ya Zuhair. Akaniuliza, bila hasira hata kidogo, shule nilifika wapi. Nikasema kidato cha pili, nikarudi kusonga ugali.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mama Njambi akaisikia methali hiyo kivyake: kama mtoto anaambiwa tazama na haoni, kasoro ni macho. Alhamisi tukawa Upper Hill kwa daktari wa macho. Mtoto akatiwa matone, akasomeshwa herufi, akaingizwa kidevu kwenye mashine. Macho mazima kabisa. Daktari akauliza basi shida ni nini, akaelezwa. Akamtazama mama, akaitazama saa, akaandika karoti.

Jioni ile nikimvalisha nguo za kulala Njambi akaniuliza, "Anti, nyota zinajua mtu mvivu?"

Nikamwambia nyota hazina habari na mtu, huo ni upuuzi. Hakuniamini. Kitabu kina picha, mimi sina.

Alikula karoti siku nne. Siku ya tano akapanda stuli mwenyewe, akanyoosha kidole kwenye taa ya winchi ya mjengo kule Westlands. "Naiona, Mami."

Jamani, vigelegele! Akabusiwa, akarudishwa kwenye stuli aseme tena simu ikirekodi, na video ikafika Loresho kabla mtoto hajashuka. Tangu hapo kila jioni anapanda, anasema naiona, anaachiliwa aende kwa katuni zake. Mama Njambi anawaambia watu kitabu kizuri hufungua macho. Mimi nilijua ile ni taa, nikanyamaza. Hilo linaniuma.

Juzi stima ilipotea Kileleshwa yote. Nilikuwa nimetoka kuanua nguo, nikainua kichwa, nikasahau nguo. Nyota zilikuwa zimejaa juu ya paa zote, nyota ambazo sijaziona tangu nitoke Bungoma. Nikakimbia ndani, nikambeba Njambi mpaka nje, nikamwambia tazama, mtoto wangu, tazama zilivyo nyingi, leo tutapita mia.

Alikuwa amelaza shavu begani mwangu, anaangalia sakafu.

"Naiona, anti," akasema. "Nishushe."