Sauti ya Pazi Kinuni

Paskalia alirudi Morogoro baada ya miaka mingi ya kusomea tiba ya nafsi ughaibuni. Alipanga chumba Kihonda, akaweka viti viwili, akaanza kusikiliza watu. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu ayaone yale aliyojificha mwenyewe. Baadaye hata maofisi yakaanza kumwita, wafanyakazi na wakubwa waliposhindwana.

Ndivyo alivyofika kwenye kiwanda kimoja cha sukari, upande wa Turiani. Tangu kijana aitwaye Pazi anaswe na mkanda unaopeleka miwa kinuni, akafa, wenzake walikuwa wakikimbia zamu. Walisema wanamsikia akiita.

“Niondolee huu ushirikina,” alisema Eustace, meneja.

Paskalia aliwakalisha wote pamoja, meneja akiwemo. Hakubishana na mtu. Aliuliza tu, “Anasemaje?”

Hakuna aliyewahi kuwauliza hilo. Mwinshehe, aliyekuwa zamu moja na marehemu, akajibu akiwa ameinama.

“Anasema, zimeni. Kama siku ile.”

“Siku ile mlimsikia?”

“Tulimsikia, dada. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Lakini hapa anayezima bila ruhusa anafukuzwa kazi. Nikakimbia kutafuta ruhusa.”

Amri ile ilikuwa ya Eustace. Wote wakamtazama.

“Hata mimi namsikia,” alisema Eustace. “Nyumbani, nikiwasha feni.”

Amri ilifutwa wiki ileile. Watu wakarudi kazini, ingawa sauti, walisema, ilikuwa palepale. Paskalia hakuwaahidi kwamba itaondoka.

Eustace akamwomba amsindikize Matombo, milimani, kwa mama yake Pazi. Walimkuta uani akichambua maharage.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibuni.”

Eustace alimweleza yote, bila kuficha kitu.

“Kwa hiyo aliita,” mama alisema.

“Aliita, mama.”

“Na mlisikia.”

“Tulisikia.”

Mama aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakomea mlango. Eustace aliinuka aondoke. Paskalia akamwashiria akae. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukafunika migomba, ukafika uani. Ndipo wakamsikia mama, mle ndani, akimwita mwanawe kwa jina, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Eustace akaziba masikio. Paskalia akaishika mikono yake, akaishusha.