Laini Tatu za Mbah Painah

Sebuleni kwetu kuna kabati la bati, na ndani yake kuna nakala za kadi za familia za mtaa mzima. Ndivyo ilivyo kwa mjumbe wa mtaa yeyote hapa Klaten, kisiwani Java. Mtu akihamia, akizaa, akifiwa, anamletea mjumbe wetu, Pak Darmaji, karatasi, naye anazifungia humo. Hakuna anayeuliza zinafanya nini.

Mimi ni mkewe, Wahyuni. Nilikuwa sina changu, na nilikuwa nimechoka kuomba hela ya sabuni kama mtoto. Kwa hiyo alipokuja Hendro, wakala wa laini za simu, na viatu vyake vinavyong'aa, nilimkaribisha chai kabla hajamaliza salamu.

"Dada, biashara hii haina mtaji wa kutisha," alisema. "Rupia laki tatu tu. Unapata boksi la laini, unapata bango, unapata mwavuli. Huna bosi. Bosi ni wewe."

"Na nisipouza?"

"Usiuze na mdomo huo? Acha masihara!"

Nikacheka, nikamlipa. Wiki ya kwanza niliuza laini nne. Tatizo lilikuwa usajili: kila mteja alete namba ya kitambulisho na namba ya kadi ya familia, na wateja wenyewe hawana subira. "Mjini wanauza zilizosajiliwa kabisa, unachomeka unaongea," waliniambia, wakaenda zao.

Hendro alipokuja kunikagua, nikamlalamikia. Akanitazama kwa huruma.

"Dada Wahyuni, kamisheni inatoka laini ikisajiliwa. Nani kaisajili, kwa jina gani, hakuna anayeuliza. Na wewe si mke wa mjumbe?"

Akageuka, akaliangalia kabati. Alimaliza chai yake, akashukuru, akawasha pikipiki. Nilipaswa kumfukuza palepale na glasi yake mkononi. Sikumfukuza. Mume wangu alipokwenda msikitini, nilichukua ufunguo kwenye mfuko wa koti lake.

Nilianza na marehemu, nikidhani nina huruma. Mtambo ukamkataa. Kumbe serikali inawajua waliokufa! Basi nikafikiri tena kwa akili yangu hii ninayojivunia: nichukue wasio na simu. Mtu asiye na simu laini itamdhuru vipi? Na katika mtaa wetu asiye na simu kuliko wote ni Mbah Painah, bibi wa miaka sabini na moja, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Akitaka kusikia sauti ya mwanawe aliye Kalimantan, anakuja kuazima simu yangu, na kila akija ananiletea tempe ya bure iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Nikamwandikia laini tatu, kiwango cha mwisho cha jina moja. Halafu nikaenda kwa wengine, mpaka boksi likaisha.

Hendro alilibeba boksi zima. "Nina mteja wa jumla," alisema.

"Nani huyo?"

"Eh! Na wewe unataka kujua mpaka majina ya wajukuu zake?"

Akaniachia boksi la pili. Miezi miwili tulikwenda hivyo. Nilinunua sabuni yangu, nikanunua na jiko la gesi. Darmaji akawa ananitania mbele ya watu, "Jamani, mke wangu tajiri, mimi namtumikia tu." Kisha siku moja nikampigia Hendro, simu haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Wiki nzima. Nikaanza kushtuka kila pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana, mume wangu aliniambia huku anacheka mpaka anakohoa, "Polisi wamekuja ofisi ya kijiji. Ati Mbah Painah kamtapeli mwalimu mstaafu kiinua mgongo chake chote. Kwa simu! Mbah Painah!"

Nilikuwa nampakulia wali. Nikaendelea kupakua mpaka ukamwagika mezani.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wana wazimu. Lakini watarudi." Akaacha kucheka. "Na wakilizuia jina lake, hapandi ndege. Miaka ishirini na mbili anasubiri zamu ya hija, Yuni. Zimebaki siku tisa."

Nilikuwa na siku tisa za kusema. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua, na kila jioni nilikuwa sijasema. Niliondoa bango, nikawaambia watu biashara imenishinda.

Ijumaa Mbah Painah akatuita kuagana. Kwetu anayekwenda Makka huomba radhi kwa majirani, mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika mikono yote miwili, mikono yake inanuka soya.

"Mwanangu, kama nimekukosea, nisamehe."

"Mimi ndiye wa kusamehewa, Mbah. Ya wazi na ya siri."

"Nimekusamehe yote, hata usiyoyataja."

Wallahi nilihisi mzigo umedondoka. Mwenyewe kasamehe, mbele ya watu, nini tena? Nikala wali wa manjano sahani mbili. Mjinga mimi! Nilidhani polisi nao walikuwepo kwenye radhi ile.

Asubuhi ya safari tulimsindikiza mpaka uwanja wa wilaya, tumejazana kwenye malori. Mbah alikuwa kwenye sare yake ya batiki, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Mguu mmoja ulikuwa umeshapanda ngazi ya basi, ndipo wanaume wawili wenye makoti wakamwita kwa jina lake kamili.

"Mama, shuka kidogo."

Alishuka. Alisikiliza yote, tapeli, mwalimu, laini tatu, kisha akanitafuta kwa macho. "Wahyuni, waambie. Mimi na simu wapi na wapi?"

"Hana simu," nikasema. Sauti yangu ilitoka vizuri tu.

"Basi namba ya kadi yake ya familia alikuwa nayo nani?" akauliza polisi.

"Hakuna," Mbah alijibu haraka, amefurahi kuwa na jibu. "Iko yangu, na nakala iko kwa mjumbe, kwenye kabati. Pale pana usalama."

Mume wangu alinigeukia. Alinitazama muda wa kutosha kuliona jiko la gesi, na mwavuli, na maboksi. Dereva alipiga honi. Nilifungua mdomo, mdomo huu unaojulikana mtaa mzima, na haukutoa kitu.

"Ni mimi," akasema Darmaji. "Ufunguo ninao mimi peke yangu. Mwacheni mama aende."

Polisi walishauriana, wakamwandikisha Mbah maelezo, wakamwambia watamhoji akirudi. Mume wangu wakamshika mkono, si kwa nguvu. Alikwenda nao bila kugeuka nyuma. Majirani walimpisha njia, na hakuna aliyempa salamu.

Mbah Painah alinijia analia, akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Kuishi na mtu kama yule, na wewe hujui!" Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Nikifika kwenye Kaaba, dua ya kwanza nitamwombea mumeo atubu."

"Ahsante, Mbah," nikasema, nikamsaidia kupanda basi.