Vifungo Sita

Shati la Bosi lilikuwa na vifungo sita, na kila asubuhi Shangazi, mlezi wa nyumba, alivifunga vyote kabla hujamaliza kupiga chafya. Alivifunga huku akimkemea mkazi mwingine kuhusu mswaki na huku akizuia mlango kwa kisigino. Usimlaumu haraka, wewe uliyeamka umeshiba usingizi. Nyumba ile ya shirika ilikuwa na wakazi saba, watu wazima wenye ulemavu wa aina mbalimbali, na ilitakiwa kuwa na walezi wawili. Mlezi wa pili aliacha kazi mwaka juzi, wakasema wanatafuta mwingine. Wanatafuta mpaka leo.

Saa mbili kamili basi dogo lilikuja kuwachukua wakazi kuwapeleka karakana, ambako walitengeneza mifuko ya karatasi. Dereva hakuwa na subira hata kidogo. Alikuwa na honi.

Bosi hakuwa bosi wa mtu yeyote. Walimbandika jina hilo kwa kupenda kuagiza: "Shangazi, pazia! Shangazi, redio!" Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, upande wa kulia umelegea tangu kuzaliwa, mkono wa kushoto unatetemeka, maneno yanatoka moja moja. Asubuhi Shangazi akimkaribia tu, aliinua kidevu bila kuambiwa, afungwe vifungo. Shangazi alicheka: "Haya, mheshimiwa, mtumishi wako amefika."

Kitu kimoja tu Bosi alikitaka duniani, nacho ni chumba cha chini, chenye jiko lake na mlango wake wa kutokea uani. Shirika lilikuwa likimpa chumba hicho mkazi anayeweza kujihudumia, na sasa kilikuwa kitupu. Bosi alishachagua hata pa kuweka redio.

Sheria ya nyumba ilikuwa mikono mgongoni. Mkazi akivaa, mlezi asimame mikono mgongoni na kusubiri, hata ikichukua nusu saa. Kisha aweke alama kwenye karatasi ya siku: amefanya mwenyewe, au amefanyiwa. Kwa miaka miwili Shangazi alimfunga Bosi vifungo na kuweka alama kwenye "mwenyewe." Ukiweka kwenye "amefanyiwa" unatakiwa kuandika maelezo nyuma ya karatasi, na nani alikuwa na nguvu ya maelezo? Tena alijidanganya kwamba anamsaidia. Karatasi nzuri zitampa chumba, alijiambia, maskini.

Jumatatu Bosi alibakizwa nyumbani, akaja mtaalamu wa viungo, dada mpole mwenye miwani, pamoja na msimamizi wa nyumba. Akapekua karatasi, akafurahi.

"Hongera, kaka. Hebu vaa shati nikuone."

Shangazi akaweka mikono mgongoni. Bosi akashika kifungo cha kwanza, kikamponyoka. Akakishika tena. Dakika zikapita, jasho likamtoka mpaka kwenye nyusi, na mikono ya Shangazi ikawa inamwasha huko nyuma. Mwishowe kifungo kimoja kikaingia, tena kwenye tundu lisilo lake.

"Pumzika, kaka," mtaalamu alisema. Akawavuta msimamizi na Shangazi hadi kwenye korido. "Miaka miwili yote alikuwa anaweza. Leo hawezi. Huyu hali yake inashuka kwa kasi. Chumba tusahau. Napendekeza ahamishiwe kituo cha uangalizi."

Shangazi aliwahi kufanya kazi kule. Vitanda vya kule vina vyuma pembeni, na watu hulishwa wakiwa wamelala. Hakuna anayemuuliza mtu kama anataka pazia lifunguliwe.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Kazi ile ndiyo iliyomweka mjini, na alikuwa amechoka hoi, hata kufungua mdomo ilikuwa kazi. Lakini kwenye upenyo wa mlango alimwona Bosi bado anahangaika na kifungo kilekile. Roho ikamuuma.

"Hajashuka popote," alisema. "Mimi ndiye ninayemfunga. Kila siku. Alama zile ni uongo."

"Zipi?" msimamizi aliuliza.

"Zote."

Jamani, msimamizi akasema mengi, na yote alikuwa na haki ya kuyasema. Shangazi alipewa barua ya onyo. Bosi hakuhamishwa, atapimwa tena baada ya miezi sita. Lakini chumba cha chini alipewa mkazi mwingine siku hiyohiyo.

Mchana Shangazi akaingia chumbani kwa Bosi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nisamehe, baba. Nimekukosesha chumba chako."

Bosi aligusa kifungo cha juu cha shati lake.

"Nilikuwa... naweza," alisema.

"Unaweza nini?"

"Vifungo. Zamani. Dakika... ishirini. Vyote."

Shangazi akakumbuka. Ni kweli, enzi za yule mlezi wa pili, Bosi alikuwa akivaa mwenyewe.

"Sasa kwa nini uliacha? Mbona hukuniambia niache?"

"Mwenzako aliondoka," Bosi alisema. "Ukawa unalia... jikoni. Nikaona... nikupunguzie kazi. Nikawa nainua... kidevu."

Shangazi akajifunika uso kwa aproni, akalia palepale mbele yake.

Kesho yake saa mbili honi ikalia, ikalia tena, na dereva akaanza kuita majina. Wakazi sita walikuwa wameshapanda, mmoja wao bila soksi. Shangazi alikuwa amekaa kitandani kwa Bosi, amekalia mikono yake miwili. Bosi alikuwa kwenye kifungo cha pili.

Akasimama kidogo, akamtazama Shangazi usoni.

"Umechoka?" aliuliza, na kidevu kikaanza kuinuka.

"Nimechoka sana, baba," Shangazi alisema. "Shusha kidevu. Endelea."